Vilele Nilivyovikata

Göteborg, Uswidi
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Baba,

Shikamoo. Ndaga, tata. Naomba barua hii ikukute umeketi pale penye jua karibu na banda la ng'ombe, na kama mvua imekunyima jua, basi jikoni kwa mama. Mgongo unasemaje? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa au bado anawazungusha? Nasikia mama ameanza tena kuchuma chai. Mwambie apunguze, magoti hayauzwi spea.

Mimi mwili ni mzima. Theluji imeanza kuyeyuka, barabara zimejaa uji wa kijivu, na viatu vyangu vya mitumba nilivyonunua pale Tukuyu ndiyo kwanza vinakata roho. Ndizi za hapa zinapimwa kwenye mzani kama nyama, hazina harufu, ukiziona utazionea huruma. Siku nyingine ningekujazia ukurasa mzima kwa vichekesho vya namna hii. Leo sina moyo huo.

Dada Tusekile ameniandikia yale ambayo wewe ulimkataza asiyaandike. Usimkaripie. Ameniambia kwamba baada ya matanga kumalizika, kaka zake Atuganile walikuja kutoka Ikuti wakasema maneno mazito: kwamba mke wangu alikuwa mzima, hakuwa na homa wala mimba, na mtu mzima hafi amechuchumaa pembeni ya njia ila kwa jicho la mtu. Na mtu aliyepita pale asubuhi ile alikuwa mmoja tu, wewe, mkwe wake. Wanataka kumchukua mwanangu Subilaga wakamlee wao, na wameitisha kikao cha koo mbili baada ya Pasaka. Tusekile anasema walipokuuliza una la kujibu, ulisema, "Huenda ni kweli."

Huenda ni kweli! Baba, tangu nizaliwe sijawahi kukukasirikia, hata ile siku uliponichapa kwa kosa la Tusekile. Kwa neno hilo nimekukasirikia. Nimezunguka chumba hiki nikiongea peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Ninataka barua hii isomwe kwenye kikao hicho. Aisome Tusekile, kwa sauti, bila kuruka mstari. Kwa hiyo vumilia nikikueleza mambo unayoyajua. Nayaandika kwa ajili ya wale wasiokuwepo.

Mwaka ule kabla sijaondoka, mbuzi wetu wawili walikutwa wamekufa kwenye kibonde kilicho chini ya njia ya mkato, ile ya kwenda chemchemi. Hawakuwa na jeraha. Sisi wa Rungwe tunajua kuna mahali ardhi inatoa gesi, tunajua sehemu ambazo ndege akitua haruki tena, lakini kibonde kile kilikuwa hakina historia hiyo. Wewe hukungoja mtaalamu. Ulikata miiba ukaziba njia pande zote mbili, na nyumba nzima ikaanza kuzunguka njia ya juu, yenye mteremko na utelezi, ambayo mama aliilalamikia kila siku ya Mungu.

Wakati huo nilikuwa fundi wa vipimo katika ofisi ya jiolojia ya Mbeya. Nilikuja likizo na kisanduku cha kupima gesi, nikakifunga kwenye nguzo ndani ya kibonde, chini kabisa. Kila baada ya dakika kumi kinapima hewa na kuandika namba kwenye kadi. Zamani ofisi ilikuwa na watu watatu wa kutembelea sehemu kama hizo kwa miguu, wanakaa, wanaangalia, wanaongea na wenyeji. Ukaja wakati wa kupunguza wafanyakazi, wakapewa barua zao wote watatu siku moja. Akabaki dereva mmoja wa ofisi, kazi yake kuitoa kadi kila mwezi na kunitumia huku, mimi nikiwa nimeshaletwa masomoni na wafadhili. Yaani kibonde kilicho nyuma ya nyumba yetu kikawa kinaangaliwa kutoka Uswidi.

Sasa nieleze kazi yangu ya huku, maana ndiko lilikofanyika kosa.

Namba za kadi zikiingia kwenye kompyuta, kuna programu inayozigeuza kuwa mstari. Chini, kutoka kushoto kwenda kulia, ni muda. Pembeni, kutoka chini kwenda juu, ni wingi wa gesi. Gesi ikizidi, mstari unapanda, ikipungua, unashuka. Hadi hapo hata Subilaga anaelewa. Lakini programu hiyo inamruhusu mtu achague anataka kuona nini. Ukiburuta kile kidude cha mkononi wanachokiita kipanya, unachora kijisanduku juu ya sehemu ya mstari, na sehemu hiyo peke yake inavutwa karibu na kujaa kioo kizima. Mwezi unakuwa siku, siku inakuwa saa. Vilevile unaweza kuandika mwenyewe mwisho wa pembeni, wa chini na wa juu. Ukiandika mwisho mdogo, chochote kinachopita hapo hakionekani. Namba zenyewe bado zipo ndani ya kompyuta, ila kwenye picha ni kama hazijawahi kuwepo.

Nilipoichora mara ya kwanza miezi ile ya kibonde chetu, ilitoka picha mbaya. Mstari ulilala chini kabisa, umebanwa, na juu yake vikasimama vilele vyembamba kama miiba ya nungunungu, virefu mno. Mwalimu wangu, mama mmoja mtaratibu asiyependa kuharakishwa, alisimama nyuma ya kiti changu akaviangalia.

"Hivi ni nini?" akaniuliza. "Vinatokea asubuhi."

Nikamjibu papo hapo, "Ni umande."

"Una uhakika?"

"Mimi ndiye mwenyeji. Kwetu asubuhi kila kitu kinalowa. Kisanduku kikilowa kinasema uongo."

Baba, unaona? Mswidi asingekuja na jibu hilo. Mtu wa Dodoma asingekuja na jibu hilo. Lilihitaji mtoto wa Rungwe aliyekwenda shule na suruali imelowa magotini kwa umande miaka saba. Nilijivuna kwa kuijua nchi yangu, na yule mama akaniheshimu kwa hilo, akaondoka.

Nikaandika mwisho mdogo pale juu. Vilele vyote vikatoweka kwa mara moja, na mstari uliobaki ukanyooka, ukatulia, ukawa mzuri wa kuonyesha watu. Niliuonyesha darasani wakanipigia makofi. Jioni ile nikakuandikia: "Baba, vipimo viko sawa. Njia ni salama, ondoa miiba, mama apumzishe magoti." Barua ile najua unayo, kwa sababu hutupi karatasi. Itoe na yenyewe isomwe.

Ukaondoa miiba. Uliniamini mimi kuliko mbuzi wako waliokufa.

Wakwe zangu wa Ikuti, sasa nasema nanyi: mnamfahamu Atuganile kuliko nilivyomfahamu mimi. Alilelewa na bibi yake, akalelewa kwa mila. Wenzake wengi siku hizi, hasa wa kanisani, wanakaa sebuleni na baba mkwe wanakula chungu kimoja. Yeye alikataa. Miaka yote saba hakuwahi kukutana na baba yangu uso kwa uso. Akisikia sauti yake alipita nyuma ya nyumba. Akikutana naye njiani alishuka pembeni, akachuchumaa, akajifunika kitenge na kumpa mgongo hadi apite. Nilipomtania kwamba anacheza kombolela na mzee, aliniambia, "Wewe cheka tu. Baba yako anajua kwamba namheshimu, na mimi najua kwamba anajua. Nyumba hii ina amani kwa sababu hiyo." Na baba kwa upande wake alikuwa na ustaarabu wake: kila akipita kona alikohoa, ili mkwewe apate nafasi ya kujificha bila kukimbizana na ndoo. Alikuwa ameniambia kwamba nikirudi atachinja, amwite mezani, wapeane mkono, mambo hayo yaishe. Alikuwa anangoja mimi nirudi.

Yaliyotokea asubuhi ile niliambiwa na Tusekile kwa simu, kutoka kwenye lile duka la simu jipya karibu na stendi ya Tukuyu.

"Gwe kaka, kaa chini kwanza," alisema.

"Nimekaa. Sema."

"Atuganile hatunaye."

Nikasema maneno ya kipumbavu, nikamwambia simu inakwaruza arudie. Akarudia. Nikamuuliza amekufaje.

"Alienda kuchota maji, kulikuwa bado hakujapambazuka vizuri. Baba alikuwa anatoka kuangalia mgomba ulioanguka. Akakohoa, mwenzio akashuka kumpisha. Baba akapita bila kuangalia, si unajua. Jua limetoka, mama anauliza maji, hakuna maji. Tukamkuta ameinamia magoti yake vilevile, kitenge kichwani, ndoo pembeni imesimama."

"Ameshukia wapi?"

"Kwenye kibonde, kaka. Pale uliposema…"

Nikamwambia waifunge njia siku hiyohiyo, akasema baba ameshaifunga, kwa mikono yake, hata panga hakuchukua.

Gesi ile ni nzito kuliko hewa. Inakaa kwenye kibonde kama maji kwenye karai. Aliyesimama njiani, kichwa chake kiko juu ya maji, anapita wala hajui. Aliyeshuka akachuchumaa amezama, na haina harufu ya kumshtua, wala haichukui muda. Ndiyo maana baba yangu alipita akafika kwenye mgomba wake mzima. Hakuna jicho lililomuua Atuganile. Mkwe wake hakumtazama kabisa, na hilo ndilo linalomtafuna mpaka leo.

Siku iliyofuata ile simu nilikwenda kazini asubuhi, wenzangu wakidhani nimekuja kuaga niende mazishini, lakini nauli sikuwa nayo. Nikakaa kwenye ile kompyuta, nikafuta ule mwisho nilioandika na kuamuru programu ionyeshe kila kitu. Vilele vikarudi vyote. Nikaanza kuchora vijisanduku juu yake kimoja kimoja, nikivuta karibu, asubuhi baada ya asubuhi. Kumbe kilele kikivutwa karibu siyo mwiba. Ni mlima. Unaanza kupanda karibu saa kumi alfajiri wakati hakuna upepo, unasimama juu mpaka jua lichungulie, halafu unashuka kwa sababu hewa imeanza kutembea. Kisha nikatafuta zile asubuhi za mvua kubwa, mvua yetu ile isiyosikia. Kama kweli ulikuwa ni unyevu unaokidanganya kisanduku, siku hizo ndizo zingekuwa na vilele virefu kuliko zote. Hazikuwa na kitu. Mstari umelala tu, kwa sababu mvua huja na upepo, na upepo unaifagia gesi.

Kazi hiyo yote, Baba, ilichukua muda wa kunywa chai. Ningeweza kuifanya siku ile mwalimu aliponiuliza kama nina uhakika.

Nilimwita yule mama nikamwonyesha. Aliangalia kwa muda mrefu, halafu akaniambia kwamba ni kosa ambalo watafiti wengi hulifanya, kwamba programu inarahisisha mno, kwamba hata yeye alipaswa kunibana zaidi. Alisema kwa huruma na akaniletea kahawa. Nilitamani anitukane. Kwetu angetokea mtu wa kunitukana.

Kadi yenye asubuhi ile ilinifikia wiki tatu baadaye. Niliiweka mfukoni mwa koti siku mbili. Siku ya tatu nikaifungua, nikachora kijisanduku juu ya tarehe ile, nikavuta karibu, nikavuta tena, mpaka zikabaki nukta chache tu, dakika kumi kwa dakika kumi. Mlima uko pale, mrefu. Karibu na kilele chake kuna mahali mstari umeshuka kidogo, nukta moja, halafu ukapanda tena kama mwanzo. Mwalimu anasema ni upepo mdogo uliopita. Inawezekana. Mimi nadhani ni Atuganile alipoingia, akaitikisa ile hewa kwa nguo zake. Hakuna programu inayoweza kunijibu, na nimeacha kuiuliza.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili. Ya kwanza ni picha niliyoikata, ile iliyopigiwa makofi. Ya pili ni namba zilezile, za kibonde kilekile, miezi ileile, bila kukatwa. Ziwekwe mezani pamoja mbele ya kaka zake Atuganile. Kama kuna mwalimu wa hesabu katika kikao awaeleze. Hazihitaji zaidi ya dakika tano. Waambieni: aliyetengeneza ya kwanza ni mume wa marehemu. Waambieni mzee alifunga njia kwa miiba kwa akili yake mwenyewe, na aliifungua kwa sababu mwanawe msomi alimwandikia kwamba ni salama. Kama kuna faini, ni yangu. Kama kuna ngumi, wazitunze. Mkataba wangu wa masomo unaisha mwezi wa saba, na nikishuka stendi nitaanzia Ikuti kabla ya kufika nyumbani. Asinisindikize mtu.

Na wewe, Baba, usisimame kwenye kikao kile ukasema tena huenda ni kweli. Najua kwa nini ulisema. Ni rahisi kubeba lawama kuliko kuzunguka nyumba ukikumbuka kwamba ulipita hatua chache kutoka kwake. Lakini ukiibeba hiyo unanipokonya iliyo yangu, na uongo utabaki wilayani kwetu kwamba watu wanakufa kwa macho ya wazee, na kibonde kitamngoja mwingine. Tusekile ameniandikia kwamba siku hizi kikohozi kikikubana unaziba mdomo kwa mkono mpaka machozi yanatoka. Niliposoma hapo nililia kazini mbele za watu, na huku watu hawalii kazini.

Kisanduku kisiondolewe. Nimemwomba mwalimu, naye ameiandikia ofisi ya Mbeya, kwamba pawekwe vingine viwili, kimoja kule kwa akina baba mdogo karibu na ziwa Kisiba, ambako wanalisha ndama mabondeni. Hadi hapo, mtu yeyote asishuke kwenye kibonde kabla jua halijawaka sawasawa, na hata likiwaka asishuke.

Mpe mama salamu zangu, mwambie njia ya juu ni ndefu lakini nitakuja kuichimba ngazi kwa mikono yangu. Salamu kwa baba mdogo, aangalie ndama na aangalie zaidi wachungaji. Mwalimu wa kwaya mwambie nashukuru kwa nyimbo za mazishi. Tusekile amenitajia zote, nimeziimba humu chumbani. Kwa mama mkwe wangu wa Ikuti, aliyenipa binti yake, sioni salamu ya kumtumia. Mpeni maji, mpeni kiti kizuri, na Tusekile asome taratibu anapofika kwenye jina la mwanawe.

Nimebakiza la Subilaga. Mmeniuliza aambiwe nini, na mama anataka aambiwe kwamba Kyala alimhitaji mama yake huko mbinguni. Nakataa. Ana miaka sita, anasikia kila linalosemwa jikoni, na wajomba zake wameshasema mbele yake. Tusekile anasema tayari ameanza kula akiwa mlangoni, wewe ukiwa ndani. Mwambieni kweli, tena kabla ya kikao. Mwambieni kulikuwa na hewa mbaya pale chini, babu yake aliifungia njia, na baba yake akaandika kutoka Ulaya kwamba hakuna kitu. Akiuliza ni nani alikosea, msizunguke, mtajieni jina langu. Acha anichukie. Mimi niko mbali, anaweza kunichukia na bado akala, akalala na kwenda shule. Wewe ndiye unayempakulia chakula, Baba, hawezi kukuogopa wewe akaishi.

Ni mimi mwanao,
Ambakisye